Bonge Lisilochekechwa

Chumba cha udongo kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, kikitazamana na choo, kwa hiyo hakuna aliyefanya kazi katika jengo lile akasema hamjui Bi Chekeche. Kila aliyepita kwenda haja alimwona: koti la khaki, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, madirisha wazi, feni ikisukuma vumbi nje, na yeye katikati akitikisa chekeche lake kwa mwendo usiobadilika, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi za ajira. Hata mumewe alikuwa akimpigia simu ofisini anauliza, "Chekeche yupo?"

Kuchekecha kulikuwa na adabu yake. Udongo ulipoletwa kutoka shambani, bado una ubaridi na mizizi inaning'inia, aliumwaga kwenye sinia la bati. Akayavunja mabonge kwa nyundo ya mbao, akaokota mawe, akautandaza ukauke, akausaga, kisha akauchekecha mpaka ukawa laini kama unga wa kuokea. Hapo ndipo ulipostahili kupimwa. Udongo usiochekechwa haupimwi, hilo alilisema kwa kila mwanafunzi aliyewahi kutumwa kwake. Ukichota kijiko hapa utapata mzizi, ukichota pale utapata kokoto, sasa utamwamini nani? Wanafunzi walicheka, wakapiga chafya, wakajifunza. Mmoja wao, msichana mwembamba wa miwani aliyekuwa akipiga chafya kuliko wote, alisoma akaenda mbali, akarudi, na sasa ndiye Profesa na mkuu wa idara nzima. Mbele za watu alimwita "Bi Chekeche" kama wengine. Wakiwa wawili alimwita "mama".

Bi Chekeche angeweza kustaafu na sifa hiyo, nayo ilikuwa sifa ya kutosha. Lakini mtoto wake wa mwisho alipohama nyumbani, nyumba ikawa na ukimya ambao hakuwa ameutarajia. Vikombe vilikaa vilipowekwa. Ndoo ilijaa ikabaki imejaa. Jioni moja akiwa anafuta meza ambayo haikuwa chafu, akajisikia akisema kwa sauti kwamba anataka kusoma tena.

Mumewe, fundi redio aliyekuwa na karakana yake kwenye chumba cha mbele, aliinua kichwa kutoka kwenye spika aliyokuwa ameipasua. "Usome nini?"

"Harufu ya udongo."

Aliyejibu ni mama mkwe, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kumtoroka kwa mambo mengine yote isipokuwa yasiyomhusu. "Wenzako wanasomea sheria, wanasomea dawa. Mke wa mwanangu anasomea harufu! Ukimaliza watakuitaje, daktari wa pua?"

"Wataniita hivyohivyo wanavyoniita sasa, mama."

"Basi usisahau kunusa sufuria yangu, inaungua."

Swali la Bi Chekeche lilikuwa la kitoto, na labda ndiyo maana lilikuwa limedumu naye muda wote huo. Jembe likiingia ardhini, hutoka harufu. Kila mtu anaijua, na hakuna anayehitaji kufundishwa kuipenda. Inatengenezwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi udongoni, na kitu chenyewe wasomi wamekipa jina la jiosmini. Kiasi chake ni kidogo mno, kidogo kuliko mtu anavyoweza kuwaza, na bado pua inakikamata. Ila pua haiwezi kuhesabu. Inajua kipo, haijui kipo kiasi gani. Bi Chekeche alitaka kujua: udongo ukisumbuliwa kidogo unatoa kiasi gani, ukisumbuliwa sana unatoa kiasi gani? Je, ule uliotulia nao unatoa, au unaizuia mpaka mtu auguse?

Profesa alilipenda swali, akakubali kumsimamia. Kazi ikaanza.

Njia ya kupima ilikuwa hivi. Udongo unawekwa ndani ya chupa ya kioo na kufunikwa kwa mfuniko wenye kizibo laini katikati. Sindano inachomwa kupitia kizibo. Ndani ya sindano mna uzi mfupi mwembamba kuliko unywele, nao ukichomoza unaning'inia hewani juu ya udongo bila kuugusa, unanasa harufu kama nguo iliyoanikwa karibu na jiko inavyonasa moshi. Baadaye sindano inapelekwa kwenye mashine, uzi unaingizwa kwenye mdomo wake wa moto, na harufu zote zilizonaswa zinaachiliwa na kukimbia ndani ya mrija mrefu uliozungushwa kama koili. Kila harufu ina mbio zake na dakika yake ya kufika. Inapofika, mstari kwenye kioo cha kompyuta unapanda na kushuka, kilele kimoja kwa kila harufu. Walikuwa na kichupa kidogo cha jiosmini safi kilichonunuliwa, wameshakipitisha, na dakika yake ilijulikana. Kilichobaki ni udongo wa Bi Chekeche ufike kwa dakika hiyohiyo.

Haukufika.

Aliupima wa shamba la mahindi, akaupima wa bustani, akaupima wa chini ya msitu, mweusi uliokuwa ukinata vidoleni kama unga uliokandwa. Aliukausha, akausaga, akauchekecha mara mbili kwa woga, akaulowesha tena kidogo, akaukoroga. Mstari ulikwenda moja kwa moja toka mwanzo wa kioo hadi mwisho.

Mashine ilikuwa na mlezi wake, mwanamume wa makamo mwenye tumbo la mapema aliyeitwa Bwana Mashine, ambaye hakumruhusu mtu kugusa hata kitufe cha taa. Yeye na Bi Chekeche walitaniana tangu siku ya kwanza.

"Dada, hii barabara yako imenyooka! Haina hata tuta. Mtu anaweza kulala usingizi huku anaendesha."

"Subiri ya leo. Ya leo ni ya msituni."

"Ya msituni, ya mjini, lami ni ileile."

Mwanzoni alicheka naye. Kisha akawa anacheka kwa mdomo tu. Mwisho akawa anampa sindano na kugeuka kutazama ukutani, na Bwana Mashine, ambaye utani wake haukuwa na miba, akapunguza. Alianza kusema, "Bado, dada," kwa sauti ya chini, na hiyo ilimuuma Bi Chekeche kuliko ile ya lami.

Halafu ikaja habari ya kuhama. Jengo la wanaopima dawa lilikuwa halina mashine ya aina hiyo, nao walikuwa na haja ya kweli: dawa za watu wagonjwa hazingoji. Kikao kikaamua mashine ihamishiwe kwao. Kuifungua, kuisafirisha, kuifunga upya na kuirekebisha kungechukua muda mrefu kuliko muda uliobaki kwenye masomo ya Bi Chekeche, na ikishafika huko, foleni ya dawa ingekuwa mbele ya udongo daima.

Profesa alimwita ofisini, akafunga mlango, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati. Alikuwa na tabia hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi, alipokuwa na jambo asilotaka kulisema.

"Mama, nimewaomba wachelewe mpaka mwisho wa juma lijalo. Wamenipa. Lakini wameniuliza una nini mkononi, nikakosa la kujibu. Nikiwa na kilele kimoja, kimoja tu cha kweli, nitakutetea kwenye kikao mpaka sauti inikauke. Bila hicho, itabidi tuifunge hii kazi."

"Tuifunge."

"Tuseme haikuwezekana. Siyo aibu. Kazi nyingi haziwezekani."

Bi Chekeche alishukuru, kwa sababu Profesa alikuwa ameongea naye vizuri, akatoka. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu. Alipita mbele ya maduka ya vyombo, ya mataulo, ya saa za ukutani zisizokubaliana, na aliwaza jambo moja njia nzima. Kijana akishindwa, watu humwambia bado ana muda, na wengine humkemea, na kukemewa nako ni namna ya kutumainiwa. Mtu mzima akishindwa, watu hunyamaza kwa heshima. Wataacha kumuuliza masomo yanaendeleaje. Mama mkwe ataacha kumwita daktari wa pua. Siku moja atagundua kwamba nyumba nzima inapita pembeni ya jambo hilo kwa kunyata, kama watu wanaopita chumba cha mgonjwa.

Kesho yake alifika kazini mapema, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine. Gunia dogo la udongo mbichi lilikuwa limeletwa. Alifungua madirisha, akawasha feni, akaumwaga udongo kwenye sinia, akashika nyundo ya mbao. Bonge la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa akivunja kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

Mlangoni kikachomoza kichwa cha sekretari, mwanamke mcheshi ambaye ofisi yake ilikuwa upande wa pili wa ukumbi, milango kadhaa kutoka pale.

"Nilijua tu! Nimekaa zangu nachapa barua, nasikia harufu ya mvua. Nikasema, leo Bi Chekeche anavunja. Yaani siku ukivunja udongo wewe, ukumbi wote unanukia kama tumehamia shambani. Endelea, mwaya, nimefurahi tu."

Kichwa kikaondoka. Nyundo ikabaki hewani.

Maneno yale hayakuwa mageni. Sekretari alikuwa akiyasema miaka nenda miaka rudi, na Bi Chekeche aliyapokea kama sifa, kama mpishi anayeambiwa kwamba chakula chake kinanukia toka barabarani. Yeye mwenyewe hakuisikia tena harufu ile. Pua yake ilikuwa imeizoea kama anavyozoea mtu sauti ya saa chumbani. Sasa aliiweka nyundo chini polepole. Akatazama sinia. Akatazama feni inayosukuma hewa kwa bidii kuelekea nje. Akatazama ukumbi, mpaka ule mlango wa mbali alikokaa sekretari akinusa bure kile ambacho mashine ilikuwa imenyimwa.

Alivuta kigoda akakaa.

Harufu ilikuwa ikitoka pale. Palepale, chini ya nyundo, bonge linapofunguka kwa mara ya kwanza. Kisha anautandaza udongo ukauke, inatoka tena. Anausaga, inatoka. Anauchekecha, na ile iliyobaki inatikiswa na kutolewa kwa upendo na kwa uangalifu mkubwa. Halafu unga ule mtulivu, uliokwisha kusumbuliwa kwa kila namna anayoweza mtu kuusumbua udongo, ndio aliokuwa akiufungia chupani na kuuomba utoe harufu. Alitaka kupima kinachotoka udongo unapoguswa, na kabla ya kuupima aliugusa mpaka ukaisha.

Alicheka. Alicheka peke yake juu ya kigoda, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaikuta usoni, na aliyepita kwenda chooni wakati huo alirudi nyuma kuchungulia kama kuna usalama.

Profesa alikuwa akinywa chai alipoingiliwa bila hodi.

"Tumekuwa tukipima makapi."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Harufu inaenda kwa sekretari! Inaenda ukumbini, inaenda dirishani. Chupani tunaweka makapi. Nataka bonge zima. Lisivunjwe, lisikaushwe, lisichekechwe. Liingie chupani kama lilivyotoka ardhini, mfuniko ufungwe, halafu ndipo livunjwe, ndani humohumo."

Profesa aliweka kikombe. "Bonge zima. Lenye mizizi."

"Lenye mizizi."

"Lenye kokoto."

"Na kokoto zake."

"Samahani, nani alinifundisha mimi kwamba udongo usiochekechwa haupimwi? Nikapiga chafya muhula mzima?"

"Mimi."

"Na nani anasema sasa nisichekeche?"

"Mimi huyohuyo. Nilikudanganya, mwanangu. Bila kujua."

Profesa alicheka, lakini akili yake ilikuwa imeshaondoka na kwenda kazini. "Na mimi nimesimamia kazi hii nikaona unachekecha, nikaona sawa. Basi tumedanganyana. Lakini hapo kuna tatizo. Bonge hili lina mzizi, lile halina. Moja kubwa, moja dogo. Utalinganishaje?"

Hilo Bi Chekeche alikuwa amelifikiria akikimbia ukumbini. "Silinganishi bonge na bonge. Nalipima likiwa zima, limetulia. Halafu nalivunja bila kufungua chupa, nalipima tena. Mizizi ni ileile, kokoto ni zilezile. Bonge linajilinganisha na lenyewe."

Profesa alisukuma kikombe cha chai pembeni. Kisha akaichukua miwani mezani, akaivaa. "Utalivunjaje ndani ya chupa iliyofungwa?"

"Hilo sijui bado."

Alijaribu kutikisa. Bonge lilibingirika ndani ya chupa kama mtoto anayechezea kitandani, likapaka kioo tope, likabaki zima. Alijaribu gololi ya kioo, ikateleza tu juu yake. Alifikiria kupitisha fimbo kwenye mfuniko, lakini popote penye tundu harufu ingepita, na huko ndiko walikotoka.

Jioni alikaa karakanani kwa mumewe, mkononi ana chupa tupu, akaigeuza na kuigeuza. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, akichambua mboga.

"Siku hizi amehamia kwenye chupa," alisema mama mkwe. "Tulianza na udongo."

"Nataka kuvunja kitu kilicho ndani bila kufungua," Bi Chekeche alimwambia mumewe. "Kitu kizito kiwe ndani, mimi nikiwa nje, kinisikilize."

Fundi redio alisogeza kiti nyuma. Aliinama chini ya meza, akapekua kwenye sanduku la vitu vilivyokufa, akatoa spika kubwa yenye ngozi iliyochanika. Akaifungua nyuma kwa bisibisi na kung'oa sumaku, nzito na nyeusi, pana kama kisosi. Kisha akapekua tena akatoa gololi ya beringi, ya chuma, inayong'aa. Akaidondosha ndani ya chupa, kling, akaisogeza sumaku nje ya kioo. Gololi ikainuka kutoka kitako cha chupa, ikapanda ukuta wa kioo, ikafuata mkono wake kama kifaranga anayefuata mama yake.

"Hii itakusikiliza," alisema.

Bi Chekeche alimshika shavu kwa mkono wenye vumbi mbele ya mama yake, jambo ambalo halikuwa desturi ya nyumba ile.

"Eh!" alisema mama mkwe. "Mimi nipo, jamani."

Chupa ya kwanza ilipasuka. Sumaku ilikuwa na nguvu kuliko alivyodhani, gololi ikaruka na kugonga kioo, na udongo ukamwagika miguuni. Mumewe akaizungushia sumaku kitambaa kizito, akamfundisha kuisogeza kwa upole, toka chini, kwa duara. Chupa ya pili ilistahimili. Gololi ililisaga bonge taratibu mpaka likawa vipande, na hakuna kilichotoka nje. Alichoma sindano, akasubiri, akaipeleka kwa Bwana Mashine.

Mstari ulipanda. Ulipanda mapema, ukashuka, ukapanda tena, ukapanda na kupanda, vilele vimesongamana kama watu kwenye lango la uwanja wa mpira.

Bwana Mashine alisogeza kiti karibu na kioo, akakunja uso. "Dada, hii siyo udongo. Hii ni gereji."

"Gereji?"

"Grisi. Mafuta ya mashine. Umetia nini humo?"

Gololi ya beringi. Aliifuta kwa kitambaa, kumbe kufuta si kusafisha. Alirudi akaiosha kwa kiyeyushio, akaiosha tena, akaitia kwenye tanuri kwa moto mkali mpaka kila chembe ya mafuta ikaungua. Pamoja nayo alichoma chupa na udongo kidogo wa kawaida, huo akauweka pembeni. Udongo uliochomwa hivyo ni mfu, hauna kijidudu wala harufu. Ukivunjwa chupani kwa gololi ileile na mstari ukabaki umelala, basi kilele kitakachotokea kwa bonge hai hakikutoka kwenye chuma wala kwenye kioo. Alikuwa anafunga milango mmoja mmoja, ili mtu asije akasema harufu iliingilia kwingine.

Hivyo ndivyo siku ya mwisho ilivyowakuta.

Wachukuzi walitakiwa waje alasiri. Walifika asubuhi. Walikuwa wanaume wanne wenye ovaroli za bluu, kigari cha magurudumu, kamba na mablanketi mazito, na nyapara wao mwenye kalamu nyuma ya sikio alikuwa na haraka ya mtu anayelipwa kwa safari. Wakati huo Bi Chekeche alikuwa tayari amepitisha udongo uliochomwa: mstari ulilala chini, haukuamka. Alikuwa amepitisha bonge zima, lililotulia: dakika ya jiosmini ilipofika, mstari ulitetemeka kidogo, kitu kama pumzi ya mtu aliyelala. Bwana Mashine alikuwa amekodoa macho hapo. Sasa bonge lilelile lilikuwa limevunjwa ndani ya chupa yake, uzi umenasa, sindano imeingia kwenye mdomo wa moto, na saa ya mashine ilikuwa inahesabu.

"Tumekuja kuichukua hiyo," alisema nyapara mlangoni.

"Inatembea," alisema Bwana Mashine bila kugeuka.

"Izime."

"Haizimwi ikiwa inatembea."

"Mzee, mimi nina gari chini inaunguruma."

"Basi kaizime hiyo ya chini."

Profesa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bi Chekeche. Hakuna aliyekaa kwenye kiti hicho. Bi Chekeche alikuwa ameinama juu ya meza, viganja viwili vimeshika ukingo. Mstari ulitembea. Kikatokea kilele kidogo cha kitu kingine, kikapita. Ukalala tena. Ukawa unakwenda sawasawa, unakwenda, kama ulivyokwenda mara zote zile, na Bi Chekeche akahisi ule ukimya wa heshima ukikusanyika mgongoni mwake, akajua wote waliokuwa chumbani wanatafuta neno la kumwambia.

Kisha dakika yake ikafika, na mstari ukainuka.

Haukuinuka kwa ghafla. Ulianza kama mtu anayejinyoosha asubuhi, halafu ukasimama wima, ukapanda, ukapita pale ulipotetemeka kwa bonge lililotulia, ukaendelea kupanda mpaka kompyuta ikalazimika kuupunguza ukubwa ili uenee kwenye kioo. Ulifika juu. Ukashuka upande wa pili, laini, bila mkunjo. Bwana Mashine akaleta mstari wa jiosmini safi, ule wa kichupa cha kununua, akauweka juu ya huu. Vilele viwili vikasimama mahali pamoja, kimoja ndani ya kingine.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Mashine.

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani. "Barabara imekwisha. Hapa gari halipiti."

Bi Chekeche aligusa kioo kwa kidole, juu kabisa ya kilele, akakiacha pale. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Mtu mzima ana huzuni zake ambazo hazina jina, zinazoishi chini, na huwa hazitoki mpaka kitu kije kizivunje; zake zilitoka asubuhi hiyo, mbele ya wachukuzi, na aliziacha zitoke, kwa kuwa zilikuwa zimechanganyika na furaha kiasi kwamba asingeweza kuzuia moja bila kuzuia nyingine.

"Kioo changu kinachafuka," alisema Bwana Mashine, ambaye kwa kawaida angepiga kelele mtu akikigusa. "Lakini leo kichafue. Kichafue, dada yangu."

Profesa alikuwa tayari na simu sikioni, amesimama katikati ya mlango, mkono mmoja umemzuia nyapara.

"Ndiyo, mwenyekiti. Kipo. Hapana, sijaambiwa, nimekiona kwa macho yangu... Bonge lililotulia, lililovunjwa, na udongo uliochomwa. Vyote vitatu... Mara nyingi zaidi. Sijapiga hesabu, lakini mtoto mdogo anaona... Ndiyo. Ndiyo. Nitawaambia." Akashusha simu. Alipogeuka, hakutumia jina la Bi Chekeche mbele ya wale watu. "Mama. Wamesema mashine isitoke mpaka umalize vipimo vyako. Wanaopima dawa watatumia ya hapahapa, zamu kwa zamu. Na kikao kinataka uje uwaeleze mwenyewe."

"Niwaeleze mimi?"

"Nani mwingine anayejua namna ya kutokuchekecha?"

Nyapara alikuwa bado amesimama, hana uhakika kama amefukuzwa au la. Alitazama kigari, akatazama mablanketi, akatazama yule mwanamke wa koti la khaki mwenye uso ulioloa.

"Sasa sisi tukae au tuondoke?" aliuliza. "Maana bosi ataniuliza. Niseme turudi lini?"

Profesa na Bwana Mashine wote wawili wakamgeukia Bi Chekeche. Katika miaka yake yote ndani ya jengo lile, hakuna aliyewahi kusubiri neno lake kuhusu lini kitu kitoke au kibaki. Alifuta uso kwa ukingo wa kitambaa cha kichwani. Juu ya meza palikuwa na beseni, na ndani yake mabonge ya udongo mbichi, yamefunikwa kwa kitambaa kibichi yasikauke, ya shamba la mahindi, ya bustani, ya msitu mweusi, kila moja zima kama lilivyotoka ardhini. Akainua kitambaa akayatazama, akitafuta lipi lifuate.

"Mwambie bosi wako," alisema, "kazi ndiyo kwanza inaanza."